Sura ya Tisa: Grisi kwenye Meno ya Kadi

Jumapili, saa mbili asubuhi, Sajenti Warda Mbonde aliweka kadi ya picha ya kompyuta juu ya kaunta ya duka la Vipul. Pembeni yake akakunjua karatasi ya daftari.

"Nieleze tena," alisema. "Kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Dada Warda, wewe kweli hujui kitu," alisema Vipul. "Simu yako ina kioo kilichopasuka tangu Ramadhani."

"Anza na karatasi."

Karatasi ilikuwa ya Abdulrazaq Ngwele, kijana wa miaka ishirini na minne, mpima kambamiti. Jumatano ya wiki iliyopita aliondoka Kibiti na maboksi matatu ya vipuri vya kompyuta. Mama yake, Biasha, alimuaga akijua anakwenda Mbuchi kwa mjomba. Huko Mbuchi hakufika. Simu yake ilizimika Nyamisati, gatini, na leo ilikuwa siku ya kumi na moja. Rafiki yake Dulla, fundi simu, alikamatwa Alhamisi ya wiki hii kwa sababu alikuwa ameileta dukani hapa kadi ya marehemu. Kituoni walikuwa wameshaanza kusema marehemu. Kesho saa tatu asubuhi jalada lilikuwa linakwenda kwa mwanasheria wa serikali. Kosa la mauaji halina dhamana, na kesi zake huchukua miaka.

Vipul alipitisha kidole kwenye orodha.

"Huyu alinisumbua miezi kumi na minne. Wengine wanakuja wanasema, nipe kompyuta ya gemu. Yeye anakuja na daftari. Prosesa hii inakaa kwenye mazabodi ipi? Soketi yake ina pini ngapi? Nikimwambia chukua ramu moja ya giga kumi na sita, anasema hapana, nipe mbili za nane, zikifanya kazi pamoja zina kasi zaidi. Pawa saplai alikuwa anaipima kwa mkono, hivi, kama mama anayechagua nanasi. Anasema nyepesi ni feki. Nilimwambia, wewe bwana, siku nyingine njoo na mizani yako ya kamba."

"Na kasha?"

"Alilikataa. Alisema la chuma kule litaliwa na chumvi. Atatengeneza la mbao, na mbele ya feni ataweka chandarua."

"Kule wapi?"

"Hakusema. Nikafikiri nyumbani."

Warda aligeuza karatasi. Mstari wa kadi ya picha ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya wino, kisha umekatwa kwa penseli. Juu yake, kwa mwandiko mwingine, palikuwa pameandikwa: *chukua ndogo*.

"Hii penseli ya nani?"

Vipul alivua miwani. "Penseli yangu. Mkono wa Dulla. Walibishana hapa mpaka wateja wakatoka. Dulla anasema ndogo, mwenzake anasema kubwa. Akachukua kubwa."

"Na siku tano baadaye Dulla akaja nayo."

"Jumatatu. Alitaka nimbadilishie, nimpe ile ndogo. Nikasema subiri, mbona chafu? Iko na grisi kwenye meno. Vifaa vya kompyuta havipakwi grisi, dada. Nikampigia Abdulrazaq nimuulize, hapatikani. Siku ya tatu mama yake akaja kuniuliza kama nimemwona. Basi nikawapigia nyinyi."

Warda aliinua kadi na kuitazama upande wa meno, ule unaochomekwa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Meno yalikuwa yanang'aa. Kwenye pembe ya mwisho, chini ya plastiki, palikuwa na kitu chembamba chenye rangi. Alikichokoa kwa njiti ya kiberiti, akakifunga kwenye karatasi safi.

"Maelezo yako ya kwanza hayasemi grisi."

"Yule kijana wenu aliandika 'uchafu'. Nikasaini."

* * *

Dulla alitolewa selo akiwa anashikilia suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda walikuwa wamemnyang'anya. Alikaa bila kuambiwa.

"Ulimwambia Abdulrazaq achukue kadi ndogo," alisema Warda. "Kwa nini?"

"Nimeshaeleza, afande."

"Eleza."

"Anakwenda kwenye dago, kambi ya uvuvi ya Mzee Hashimu, Salale. Kule anakopima kamba. Umeme wa kule ni sola, na inveta ya mzee ni ya wati mia tatu. Kadi ile peke yake inakula mia mbili na zaidi. Weka prosesa, weka feni, weka skrini. Nikamwambia, gemu likianza tu, inveta itakata. Yeye akasema nitajaribu, ikikataa nakurudishia, unichukulie ndogo. Ikaja Jumatatu, kwa kondakta wa basi la Nyamisati, haina barua. Nikajua imekataa."

"Kondakta anasema anabeba vifurushi ishirini kwa siku. Hakumbuki."

"Mimi nifanyeje?"

"Mama yake anasema alikwenda Mbuchi."

"Angemwambia mama yake anakwenda kufunga gemu? Yule mama kompyuta anaambiwa ya kusomea. Hata karata hataki nyumbani kwake."

"Salale tulipiga simu kupitia mwenyekiti wa kijiji. Mzee Hashimu amesema hakufika."

Dulla alitazama meza. Jibu hilo la mzee ndilo ambalo mkuu wa upelelezi, Afande Ismaily, alikuwa amelipigia mstari mwekundu kwenye jalada.

"Uliisafisha kadi kabla ya kuipeleka dukani?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na grisi. Meno yote. Nilimtukana kimoyomoyo, nikasema huyu kaishika na mikono ya wapi. Nikafuta na kifutio na spiriti, lakini pembeni haitoki vizuri."

"Hujalisema hilo hata mara moja."

"Nani kaniuliza? Naulizwa mwili uko wapi. Siku ya kwanza mwili uko wapi, ya pili mwili uko wapi. Hakuna aliyeniuliza habari ya grisi."

"Rangi gani?"

"Bluu, afande."

Warda alikunjua karatasi yake. Chembe ile ilikuwa bluu.

"Mrudishe," alimwambia askari wa zamu.

Kwenye benchi ya mbele Biasha alikuwa ameshafika. Alikuja kila siku tangu Alhamisi na kukaa pale mpaka alasiri, na tasbihi mkononi. Warda alimsalimia. Biasha aliitika, asiulize kitu. Siku tatu za kwanza alikuwa akiuliza.

* * *

Kibiti nzima, kwenye vibanda vya mafundi pikipiki karibu na stendi, grisi ilikuwa ya njano au ya kahawia. Warda aliuliza vibanda vinne, kisha akawasha pikipiki ya kituo na kwenda Nyamisati.

Pale gatini alikuwapo Habiba, muuza vipuri vya injini za boti. Alikuwa anakula muhogo. Alitazama kilichokuwa kwenye karatasi na hakuacha kutafuna.

"Ya boti hiyo. Ile ya njano maji ya chumvi yanaitoa, hii haitoki. Kopo lake lile pale."

"Nani anainunua?"

"Wenye injini wote. Lakini wengi wanapaka kwenye shafti basi. Umeitoa kwenye nini?"

"Kwenye kifaa cha umeme. Kwenye meno ya kuchomekea."

Habiba alicheka. "Basi huyo ni Hashimu. Mzee yule anapaka kila kitu. Plagi anapaka, waya anapaka, redio yake kaipaka. Kabla hajakutumia kifaa kikavuka maji, lazima akipake, akifunge na mpira wa tairi. Ukipokea plagi yake unaifuta nusu saa. Tunamwambia, mzee, hata dafu utalipaka."

"Jumatatu ya wiki hii alituma kitu?"

"Jumatatu ilikuja boti yake, ndiyo. Kijana wake alishusha kamba, akampa kondakta kifurushi. Kimefungwa na mpira. Sikuuliza."

Warda aliandika jina lake, namba ya simu na saa. Alimsomea. Habiba alifuta mikono kwenye kanga akatia saini.

Maji yalikuwa yanajaa. Boti ya kukodi iliondoka saa tano na nusu, ikaingia kati ya mikoko, ikageuka mara nyingi. Adhuhuri iliingia wakiwa katikati ya mto. Warda alitia udhu kwa maji ya mto, akamwomba nahodha apunguze mwendo, akaswali amekaa. Kisha akatoa jalada na kulisoma tena kuanzia ukurasa wa kwanza.

* * *

Dago lilikuwa na vibanda vitano vya makuti, meza za kuanikia, na chumba kimoja cha mabati chenye paneli mbili za sola juu yake. Mzee Hashimu alikuwa amechuchumaa mbele ya injini iliyofunguliwa. Alikuwa mtu mrefu wa miaka kama sitini, ndevu nyeupe, mikono bluu mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na maji mazuri."

"Naitwa Sajenti Warda, natoka polisi Kibiti. Nina kifaa hapa, nataka unisaidie macho ya fundi."

Hakumtaja Abdulrazaq. Alifungua mfuko, akampa kadi. Mzee Hashimu alipangusa mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akaipokea kwa kingo zake. Aliigeuza. Alitazama upande wa meno.

"Nani kaifuta?" alisema. "Hii hewa ya huku itaila wiki moja tu."

Nahodha wa boti ya kukodi alikuwa amefika nyuma ya Warda na dumu la mafuta. Alisimama.

"Kaifuta nini, mzee?" aliuliza Warda.

Hashimu aliendelea kuishika kadi. Alitazama meno yale, kisha akaiweka juu ya kitambaa, taratibu, meno yakiangalia juu.

"Nipe kigoda, mwanangu," alimwambia nahodha.

Alikaa. Warda alimweleza haki yake: halazimiki kusema, na atakachosema kitaandikwa. Hashimu alisema anajua. Warda alifungua daftari.

"Alifika lini?"

"Alhamisi. Maji ya asubuhi. Simu yake ilikuwa imeingia maji gatini."

"Akafanya nini?"

"Akafunga mtambo wake. Siku mbili. Mimi nilimsaidia kasha, mbao zile ni zangu. Mtoto ana mikono mizuri, anaweka skrubu kama anavisha pete. Ijumaa baada ya swala akawasha. Ikawaka vizuri. Akafungua gemu, inveta ikapiga kelele, ikakata. Akawasha tena, ikakata. Mara saba au nane. Akasema, mzee, Dulla aliniambia. Akacheka. Akasema kadi hii nitairudisha na boti ya kwanza, Dulla anichukulie ndogo."

"Halafu?"

"Akasema lakini kabla sijairudisha, niione ikifanya kazi mara moja. Mara moja tu. Nina jenereta ya kuchomelea. Nikampa."

Warda aliandika. Kalamu yake iligonga mwisho wa mstari, akahamia mwingine.

"Jenereta ilikaa wapi?"

"Kulikuwa na mvua ya upepo. Tukaiingiza chumbani. Tukafunga mlango, mtambo usirowe." Alinyoosha mkono kuelekea chumba cha mabati. "Mimi nilikwenda kwenye nyavu na wenzangu wawili. Tuliporudi alfajiri jenereta imekwisha mafuta. Yeye amelalia meza. Nilimwita aamke aswali."

"Moshi."

"Moshi. Hana jeraha, hana kitu. Uso wake ulikuwa na rangi nzuri."

"Ukafanya nini?"

"Nikafanya yanayomlazimu Mwislamu. Tukamwosha, tukamkafini na shuka jipya, tukamswalia watu watatu, tukamzika kabla ya adhuhuri."

"Na kwa mama yake?"

Hashimu alitazama mikono yake. "Nilisema nitakwenda mwenyewe. Habari kama hii haitumwi kwa mtu. Kila siku nasema, kesho maji yakijaa. Jenereta yangu, chumba changu, mlango niliufunga mimi. Kesho ikawa kesho."

"Mwenyekiti wa kijiji alikupigia simu."

"Alipiga. Ulimi ukasema hakufika. Baada ya hapo sikuweza tena kuurudisha."

"Ulijua kwamba Dulla amekamatwa?"

Hashimu alivuta kitambaa chenye kadi karibu naye.

"Mzee."

"Nilisikia juzi."

"Na kadi uliituma."

"Kadi ni amana," alisema Hashimu, na kwa mara ya kwanza akainua macho. "Alitamka kwa kinywa chake, irudi kwa Dulla. Neno la marehemu ningelikaliaje? Niliipaka, niliifunga vizuri, ikatoka na boti ya kwanza."

"Habari yake nayo ilikuwa amana," alisema Warda.

Aliandika sentensi ya mwisho, akamsomea maelezo yote kuanzia juu. Hashimu alisahihisha mahali pamoja tu: watu waliomswalia walikuwa wanne, nahodha wake alikuwepo pia. Alitia saini. Kidole chake kiliacha alama ya bluu pembeni mwa karatasi.

Chumbani kasha la mbao lilikuwa bado juu ya meza, na chandarua mbele ya feni. Nafasi ya kadi ilikuwa wazi. Warda alipiga picha kumi na mbili: kasha, jenereta, mlango, upenyo wa mabati uliokuwa umezibwa kwa gunia. Alitoa lile gunia. Upepo uliingia. Akapima chumba kwa hatua: tano kwa nne.

Kaburi lilikuwa nyuma ya vibanda, juu ya ardhi ambayo maji ya bamvua hayafiki. Lilikuwa limenyooshwa vizuri na kuzungushiwa makombe ya simbi. Warda alisimama, akasoma dua, akapiga picha mbili.

"Utanifunga pingu?" aliuliza Hashimu walipofika kwenye boti.

"Kituoni. Humu ukianguka utazama."

* * *

Afande Ismaily alisoma maelezo akiwa amesimama. Alisoma pia ya Habiba. Alitazama chembe ya grisi kwenye karatasi, halafu alama ya kidole.

"Kwa hiyo tulikuwa na jina la huyu mzee tangu siku ya kwanza," alisema.

"Ndiyo, afande. Lilisemwa na Dulla."

"Na sisi tukapiga simu tu."

"Ndiyo."

Aliketi. "Kesho naomba kibali cha kufukua. Daktari aone. Jalada la Dulla halitoki. Mtoe."

Dulla alipewa mkanda, simu na kofia, akatakiwa kusaini. Alisaini, kisha akasimama na mkanda mkononi.

"Mmempata?"

"Tumempata," alisema Warda.

"Salale."

"Salale."

"Si niliwaambia!" Alianza kuingiza mkanda kwenye suruali, haraka haraka. "Alifunga?"

"Alifunga. Inveta ikakata, kama ulivyomwambia."

"Mbishi yule. Mbishi sana. Sasa yuko wapi? Mbona hajaja mwenyewe kusema?"

Warda alichukua fomu, akaiweka ndani ya jalada, akalifunga. Dulla alimtazama akifanya hivyo. Mkanda ulikuwa umepita vitanzi viwili. Hakuendelea na cha tatu.

"Amekufa, na mimi natoka kwa sababu hiyo," alisema.

"Ndiyo."

Nje adhana ya magharibi ilikuwa bado. Sauti ya redio ilitoka kwenye kibanda cha askari wa lango.

"Mama yake yuko mbele, kwenye benchi," alisema Warda. "Hajaambiwa. Namwendea sasa. Mlango wa nyuma uko wazi, ukitaka."

"Anadhani mimi ndiye nimemuua?"

"Anajua tulichomwambia Alhamisi."

Dulla alivaa kofia. "Nitapita mbele."

Walitoka pamoja. Biasha alikuwa anaviringisha mkeka wake mdogo tayari kuondoka. Aliinua kichwa, akamwona Dulla bila pingu, kisha akamwona Warda. Aliacha kuviringisha.

"Mmemwachia," alisema.

"Tumemwachia, mama. Hakufanya kitu."

Biasha alikaa tena. Alihesabu punje mbili tatu za tasbihi, vidole vikaacha.

"Innalillahi," alisema, polepole, hadi mwisho. Warda alichuchumaa mbele yake na kumweleza: dago, mvua, jenereta, moshi. Hakuongeza na hakupunguza. Biasha alisikiliza akiangalia sakafu. Habari ilipofika kwenye kaburi aliinua mkono, Warda akanyamaza.

"Alioshwa na nani?"

Kwenye korido, askari alikuwa anampitisha Mzee Hashimu kuelekea selo. Pingu zilikuwa mikononi. Alisimama, na askari hakumvuta.

"Mimi, dada yangu," alisema.

Biasha hakugeuka kumtazama.

"Kwa maji gani?"

"Maji matamu, dada, si ya chumvi. Nilivuka ng'ambo kuyafuata. Madumu mawili."

Biasha aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea kitu mkononi. Askari akamgusa Hashimu begani, wakaenda. Dulla alikuwa bado amesimama mlangoni, kofia imempinda, mkanda unaning'inia.

Biasha alisogea mwisho wa benchi. Dulla akaja, akakaa.